Lugha za Kuapia Ziwani

Enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, pale Rumonge, mtu hakuruhusiwa kuapa kwa Kiswahili. Si Wadachi waliokataza. Wao walikuwa mbali, kwenye boma lao Usumbura, na walitufikia tu walipotaka watu wa kazi ya barabara au walipokuja kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi. Aliyekataza ni ufuko wenyewe, yaani desturi ya wavuvi waliokuwepo kabla sisi wenye kanzu hatujafika.

Desturi ilikuwa hivi. Watu wawili wakigombania kitu na njia ya kumjua mkweli ikakosekana, anayedai, au shahidi wake, aliingia ziwani mpaka maji yamfike magotini. Aliteka maji kwa viganja viwili. Alisema jambo lenyewe kwa kulitaja, katika lugha aliyonyonya nayo. Watu waliosimama ufukoni waliitikia "Ego!", ambayo ni "ndiyo" ya Kirundi, hata kama wao si Warundi. Kisha aliyanywa yale maji. Kiapo kisichoitikiwa hakikuwa kiapo. Na aliyeapa uongo, maji yale yangemvimbisha tumbo, na yasipomvimbisha yangemngoja siku atakayopanda mtumbwi.

Kiswahili kilikataliwa kwa sababu moja, nayo niliisikia tangu nikiwa mdogo: ndicho tulichouzia samaki. Kila mtu alikuwa amekwisha kukisemea uongo sokoni asubuhi hiyo hiyo. Walisema ziwa limekizoea, halikiamini tena.

Neno hilo lilinigusa mimi hasa. Mama yangu alikuwa mtu wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa, na baba alikuja na misafara kutoka upande wa Tabora. Kati yao lugha ilikuwa Kiswahili, na mimi sikunyonya nyingine. Kwa hukumu ya ufuko, sikuwa na ulimi wa kuapia. Sikuwahi kuitwa kuwa shahidi wa jambo lolote, hata la kuku aliyepotea. Nadhani ndiyo maana nilianza mapema kuzichunguza lugha za watu, kama asiye na shamba anavyochunguza mipaka ya mashamba ya jirani. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni kwa mwalimu wetu wa dini. Herufi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwenye maandishi ya marobota ya nguo, maana kazi yangu ilikuwa kushona kanzu. Zaidi ya hapo sikufundishwa na mtu.

Mama mdogo wangu, ndugu wa mama, alikuwa mjane. Mume wake alikufa kwa malale, ugonjwa uliotupunguza sana miaka ile kando ya ziwa. Alimwachia nyumba ya udongo na shamba la michikichi kwenye mteremko wa njia iendayo Kizuka. Mawese ya shamba lile ndiyo yaliyomlisha. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mtumbwi, na kwao Ubwari hapakuwa na mtu wa kumpokea tena. Bila michikichi ile angekuja kukaa kwangu, na mimi nilikuwa na chumba kimoja na wake zangu wawili waliokuwa hawasemezani.

Basi siku moja tajiri wa chumvi alimtuma mtu aje kumwambia kwamba michikichi ni yake yeye tajiri.

Tajiri huyo sote tulimjua. Babu yake alitoka Maskati, mama yake alikuwa Mmanyema, na yeye mwenyewe alizaliwa Ujiji. Alipeleka chumvi na nguo kwa mitumbwi yake kati ya Ujiji, Rumonge na Uvira. Aliswali kwa wakati, alileta mikeka mipya msikitini, na alisema Kiswahili kama sisi, ila aliingiza maneno ya Kiarabu pale mtu alipotaka kumbishia. Alidai kwamba marehemu alikuwa mtu wake wa kazi. Miche, alisema, ililetwa kwa mtumbwi wake kutoka ng'ambo, na marehemu aliipanda kwa amri yake, akaachiwa kuitunza.

Nilijaribu kulipima dai hilo bila upendeleo. Marehemu aliwahi kweli kumfanyia tajiri kazi, lakini ya kupakua chumvi. Mama mdogo aliolewa pale wakati miche ilikuwa imefika magotini, kwa hiyo hakuona nani aliyeipanda. Mimi wakati huo nilikuwa Ujiji nikijifunza kushona. Mbona tajiri alikaa kimya muda wote marehemu alipokuwa hai, akaanza kusema alipokwisha kuzikwa? Hilo lilinitia shaka. Lakini na huyu marehemu, mbona hakuwahi kumweleza mke wake miche imetoka wapi? Nilimuuliza mama mdogo. Akanijibu, "Mwanangu, wewe umekwisha kumwambia muke wako ile sindano uliitoa wapi?"

Kwenda bomani hakuna aliyetaka, hata tajiri. Mtu aliyepeleka kesi boma alirudi na kazi ya barabara shingoni. Jambo likabaki kuwa la ufuko, na ufuko ulimtaka kila mmoja alete kiapo. Tajiri angeapa mwenyewe. Mama mdogo alihitaji mtu aliyeona.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na ndiye mtu ambaye Rumonge nzima ilimshuku.

Alikuwa fundi wa ngozi. Alishona viatu, mikoba na mivukuto ya wahunzi. Alikuwa na rangi ya maji ya kunde, nywele za kulala, na aliswali pamoja nasi safu ya nyuma. Alizaliwa mbali kusini, mwisho kabisa wa bara, katika mji wa pwani wanaouita Rasi. Alifika kwetu akiendesha gari la ng'ombe la Makaburu waliokuja kuwinda tembo. Ng'ombe wao waliumwa na mbung'o wakafa wote, Makaburu wakavuka kwenda Kongo, yeye akabaki, akapangishwa kibanda uani kwa marehemu. Hayo aliyasema mwenyewe. Hatukuwa na mtu mwingine wa kutuhakikishia.

Shaka ilianza siku alipokuja askari mmoja wa boma kutengenezewa mkanda. Fundi alikuwa akihesabu matundu kwa sauti, kwa lugha ya kwao. Askari alitoka pale akacheka, akawaambia watu, "Yule anahesabu kama bwana mkubwa wangu." Basi. Tangu siku hiyo akipita sokoni watu walipunguza sauti. Walisema anahesabu nyumba zetu kwa niaba ya Wadachi, kwamba swala yake ni ya kutuzuga. Wengine walisema anamtaka mjane, na kwa hili walikuwa na ushahidi kidogo, kwa sababu alikuwa amemshonea viatu ambavyo hakulipwa.

Nilikwenda kibandani kwake kumsikiliza kabla sijamruhusu mama mdogo amtegemee.

"Amahoro, fundi."

"Salama. Kaa pale, usikae juu ya ngozi, iko mbichi."

"Nimekuja kwa habari ya michikichi."

"Najua. Miezi yote watu wanakuja kwa habari yangu. Leo wa kwanza anakuja kwa habari ya miti."

Nikamuuliza kama aliona ikipandwa. Akasema aliona. Yeye alishika mche, marehemu akakanyaga udongo. Nikamuuliza miche ilitoka wapi. Akasema waliifuata Kigwena, ukingoni mwa msitu, ilikojiotea yenyewe chini ya michikichi mikubwa, wakaibeba katika mfuko wa ngozi alioushona yeye. Jina la tajiri hakulisikia likitajwa, wala mtumbwi wake.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Nani ameniuliza? Ninyi munaniuliza kitu kimoja tu, kama mimi ni mudachi."

"Na wewe si mdachi?"

Aliinuka, akatoa kwenye sanduku kijitabu kilichokunjamana, akanipa. Nilikifungua. Herufi zilikuwa zetu, za Kiarabu, zimeandikwa kwa mkono mzuri. Nikasoma mstari kwa sauti bila kuelewa hata neno moja. Haikuwa Kiarabu, wala Kiswahili. Fundi alicheka mpaka akaacha sindano.

"Unajua umeniambia nini? Umeniambia nioshe muguu wa kulume mpaka kwenye kifundo."

Kilikuwa kitabu cha kufundishia udhu. Alinieleza kwamba huko Rasi, Waislamu waliotokana na watumwa wanasema lugha hii nyumbani, na walimu wao wa chuo huiandika kwa herufi za Kiarabu. Ndiyo lugha ile ile ya Makaburu. Watumwa waliletwa kutoka visiwa vya mashariki ya mbali, kutoka kisiwa kikubwa cha Bukini na kutoka Msumbiji, kila mmoja na lugha yake, na bwana alikuwa na Kiholanzi chake, lugha iliyo karibu na ya Wadachi. Jikoni na zizini kile Kiholanzi kilivunjwavunjwa, kikaunganishwa upya.

"Makaburu wanasema ni yao," alisema. "Lakini nani alikuwa jikoni? Mama yangu aliitumia kunipiga. Mama yake vilevile. Ulaya sijaiona, na nikienda watanicheka nikifungua mudomo."

Niliondoka na mashaka zaidi ya niliyokwenda nayo. Mtu anayehesabu kama Wadachi, anayeandika kama Waarabu na aliyezaliwa kusini kuliko Waafrika wote niliowajua, nitamweka wapi? Tena, je, mtu aliyekula uani kwa mama mdogo miaka yote hiyo asingemtetea hata kama hakuona kitu?

Siku ya kiapo watu walijaa ufukoni tangu asubuhi, pale ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, walipoanikwa mchangani. Mwenye ufuko, Mrundi mmoja mzee aliyerithi ulinzi wa mitumbwi kwa baba yake, alikuwa mtu mkavu asiyependa maneno mengi, na hakuwa Mwislamu. Kabla yeyote hajaingia majini, tajiri aliomba kusema.

"Muzee, desturi yenu mimi naiheshimu. Lakini desturi inasema lugha iwe ya watu wa inchi hii ya Afrika, ambayo ziwa linaijua. Huyu fundi lugha yake imetoka Ulaya. Ililetwa na merikebu."

"Na yako ya Kiarabu ililetwa na nini, bwana?" fundi akauliza. "Ilitembea kwa miguu?"

Watu walicheka. Tajiri hakucheka. "Kiarabu ni lugha ya Kitabu. Imekaa Misri, imekaa Sudani, imekaa kila mahali. Waafrika wangapi wamezaliwa nayo?"

"Mimi siulizi Misri," mwenye ufuko alisema. "Nauliza hapa. Fundi, hii lugha yako inaitwaje?"

Fundi akaitaja. "Jina lake maana yake ni hiyo tu: ya Afrika."

"Eh! Na mimi nikimwita mbuzi wangu Ng'ombe, atanipa maziwa ya ng'ombe?"

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na fundi aliinamisha kichwa. Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza ndagala wake, mwenye ulimi uliojulikana kutoka Kigwena mpaka Magara, alipaza sauti. "Wacha majina! Lugha ya kweli iko na matusi. Mwambieni atukane!"

"Nimtukane nani, mama?"

"Ile imbwa inakula ndagala yangu!"

Kweli palikuwa na mbwa. Fundi alimgeukia, akamtolea neno moja fupi, lenye mate ndani yake: "Futseki!" Mbwa aliruka kama aliyepigwa jiwe, akatoroka. Yule mama alishika kiuno. "Hiyo iko lugha. Hata mimi nimeogopa. Wewe tajiri, tukana sasa na Kiarabu tusikie."

"Mimi sitatukana kwa lugha ya Mungu," tajiri alisema.

Nililiona jibu hilo kuwa la haki. Lakini niliona pia kwamba hakusema kama angeweza au hangeweza. Kiarabu nilichosikia kinywani mwake miaka yote kilikuwa cha sala na salamu. Sikuwahi kumsikia akimwita mtoto nacho wala akiulizia chakula. Mama yake alikuwa Mmanyema. Lugha aliyonyonya nayo, kama ni Kiarabu, aliinyonya kwa nani? Na kama si Kiarabu bali Kiswahili, basi yeye na mimi tulikuwa hali moja. Nilitaka kulisema hilo, nikanyamaza, kwa sababu asiye na ulimi wa kuapia hana nafasi ya kuhoji viapo vya wengine.

Mwenye ufuko aliamua kwa kifupi. Lugha zote mbili zitakubaliwa au zote mbili zitakataliwa, wachague wenyewe. Tajiri akasema upesi, "Zikubaliwe." Alisema upesi mno. Mtu aliyekuwa akizuia mlango sasa anaufungua kwa mkono wake mwenyewe, na mimi sikujua sababu.

Aliingia wa kwanza. Alikunja kanzu, akasimama maji ya magotini, akateka maji kwa viganja, akayainua mbele ya kifua. Kisha kwa sauti nzuri, polepole, akasoma Alhamdu, yote, mpaka mwisho.

Nusu ya ufuko walikuwa Waislamu. Kila mmoja wetu tangu utoto alijua la kufanya Alhamdu inapofika mwisho, na tulilifanya, mimi nikiwemo, viganja vimefunguliwa. "Amina!" Ilikuwa sauti moja kubwa, kubwa kuliko "Ego" yoyote niliyowahi kusikia pale. Tukajipangusa nyuso. Tajiri naye akajipangusa uso.

Mwenye ufuko aliitikia kwa kichwa. Kwake yeye, mtu alikuwa amesema kwa lugha yake, na watu walikuwa wameitikia kuliko kawaida. Kiapo kimepita.

Alhamdu haisemi neno lolote kuhusu michikichi. Tajiri alikuwa hajaapa kitu. Lakini nani angethubutu kusimama mbele ya watu wote aseme kwamba Alhamdu haitoshi? Nilimwangalia mwalimu wetu wa chuo. Alikuwa akiangalia mchanga. Nikakumbuka mikeka mipya, nikachukia kwamba nimeikumbuka.

Akaingia fundi. Aliteka maji, akasema. Hakusema kwa uzuri. Alisema kama mtu anayemweleza jirani jambo, akionyesha kwa kidevu upande wa Kizuka, kisha upande wa Kigwena. Mara mbili nilisikia jina la marehemu. Mengine yalikuwa kelele tu kwangu. Alipomaliza alitugeukia, akangoja.

Hakuna aliyeitikia. Wale waliotoa Amina hawakujua cha kuitikia, na waliojua kusema "Ego" hawakutaka kuwa wa kwanza kuiitikia lugha iliyofanana na ya boma. Nilisikia mawimbi madogo na nzi juu ya ndagala. Mama mdogo alisimama pembeni, mikono juu ya kichwa, kama wanavyosimama wanawake msibani. Yeye mwenye kesi hakuruhusiwa kuitikia, wala mimi ndugu yake. Fundi alingoja kidogo zaidi, kisha akanywa. Maji mengine yalimwagika kwenye kifua, akainama akateka tena, akanywa yote.

"Haikuitikiwa," tajiri alisema kutoka ufukoni, bila ukali.

Mwenye ufuko alifungua mdomo. Nilijua atakachosema, na nilikuwa nimeanza kupima kwa macho ya akili mahali pa kutandika kitanda cha mama mdogo katika chumba changu.

"Hajanywa!" mama mdogo alipiga kelele.

Wote tukamgeukia.

"Tajiri hajanywa! Amejipangusa nayo! Angalieni ndevu zake, iko inatiririka mpaka sasa. Mbele ya macho yenu! Ninyi wote mulikuwa munajipangusa, hakuna aliyemuangalia. Mimi nilimuangalia."

Ilikuwa kweli. Ndevu zake zililowa, kifua cha kanzu kililowa, na tulipovuta kumbukumbu hakuna aliyeweza kusema ameona koo lake likimeza. Alikuwa amefanya kile kila Mwislamu afanyacho baada ya dua, isipokuwa yeye viganja vyake vilikuwa na maji. Kama ni mazoea ya mikono au ni akili, mpaka leo siwezi kukata shauri.

"Ni kusahau," tajiri alisema.

"Basi ingia tena," mwenye ufuko alimwambia. "Usome unachotaka, lakini uitaje na miti. Kisha unywe."

Tajiri alikamua maji ndevuni. "Leo ni Alhamisi. Nimefunga."

Mwenye ufuko alimgeukia mwalimu wa chuo. "Inawezekana?"

"Kufunga Alhamisi ni sunna," mwalimu alisema. "Saumu ya mtu anaijua yeye na Mola wake." Nilidhani amemaliza. Alipoongeza, aliongeza kwa sauti ya chini iliyomgharimu, nafikiri, zaidi ya mikeka. "Lakini Alhamdu ni dua, muzee. Haikutaja mti. Sisi tuliitikia dua."

"Basi kesho asubuhi," mwenye ufuko alisema. "Kesho si Alhamisi."

Asubuhi tulipofika, mitumbwi ya tajiri ilikuwa imefungwa pale pale. Yeye hakuwepo. Watu wa sokoni walisema wamemwona akiondoka kwa miguu, wapagazi nyuma yake na chumvi vichwani, kwa njia ya nchi kavu kuelekea Magara na Usumbura. Mtu ambaye tangu azaliwe alisafiri kwa maji, amepanda vilima vya mawe na chumvi yake, na ziwa limetulia kama mafuta.

Ufuko ulichukua hilo kuwa jibu. Mwenye ufuko hakutaja Afrika wala Ulaya. "Lugha mimi sijui," alisema. "Aliyekunywa nimemuona." Akatangaza kwamba michikichi ni ya mjane, na kwamba tangu siku hiyo mtu atakunywa kwanza, kisha afungue mdomo watu wauone ndani, ndipo aseme. Sikuridhika. Aliulizwa swali akajibu jingine. Lakini mama mdogo alikuwa tayari amekwisha kuondoka kwenda shambani, na mundu begani.

Siku zilizofuata tuliishi kwa hofu. Usumbura ndiko lilikokuwa boma, na kila mtu aliamini tajiri ameenda kushtaki. Fundi alifunga kijitabu chake katika kipande cha ngozi akakizika. Mikebe ikigongana njiani, tulidhani ni askari. Hakuja mtu. Tajiri alirudi mvua zilipoanza, bado kwa miguu, amekonda. Akatusalimia msikitini kama kawaida. Habari ya michikichi hakuigusa tena, na baadaye kidogo akarudia mitumbwi yake, na ziwa halikumfanya kitu. Wengine walisema ni kwa sababu hakuapa uongo. Hilo ni kweli. Hakuapa kabisa.

Mwaka uliofuata fundi alimwoa mama mdogo, akahamia kwenye nyumba ya udongo, karibu na michikichi aliyoitolea ushahidi. Walionishuku mimi kuwa nilijua tangu mwanzo kwamba anamtaka walikosea, lakini siwezi kuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilimshuku. Mara nyingi nilifikiri kumwomba aniandikie maneno aliyoyasema majini siku ile, kwa herufi zetu, kisha anifafanulie moja moja. Niliona ningeweza kujua kama alitaja kweli miche, mfuko na Kigwena, au alisema tu jina la marehemu na kumwomba radhi. Sikumwomba. Ningeandikiwa ningesoma, na ningesoma ningeelewa, na mama mdogo alikuwa ameshaanza kukamua mawese ya msimu.

Kuhusu lugha, nimeendelea kuulizwa na watu wanaojua kwamba ninapenda mambo hayo: Kiarabu ni cha Afrika? Na kile cha Makaburu? Sina jibu la bara zima. Ninaloweza kusema ni la Rumonge. Pale sisi Waislamu tulizikana kwa Kiarabu, na sikuwahi kumsikia mtu akimkemea mtoto nacho. Kile cha fundi alikijua mtu mmoja tu, na nilidhani kitakufa naye.

Lakini asubuhi moja, Wadachi wakiwa bado wapo, nilipita ufukoni wakati ndagala wanaanikwa. Yule mama mwenye ulimi alikuwa amekwenda kuteka maji. Mbwa alisogea. Mwanamke mwingine, Mrundi wa kutoka milimani, ambaye hakuwepo siku ya kiapo na hakuwahi kuongea na fundi wa ngozi, aliokota kijiti na kumtupia, akamfukuza kwa neno lile fupi lenye mate ndani.

Nilisimama nikamuuliza, neno hilo ni la lugha gani?

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuhesabu nyumba.

"Ni ya hapa," alisema. "Kwani wewe unatoka wapi?"